Chatu Aliyekataa Kukaribishwa

Tulipata nyoka nyumbani kwa sababu madam, mwajiri wangu, alinijibia swali ambalo ningeweza kulijibu mwenyewe. Naanzia hapo kila ninaposimulia habari hii, maana wanaosikia hudhani nilikuwa jasiri. Sikuwa jasiri hata kidogo. Nilikuwa nimekasirika.

Ilikuwa Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, katika miaka ile ambayo mawakala walizunguka Kenya nzima wakitafuta wanawake wa kupeleka Saudia kufanya kazi za nyumbani, nami nikawa mmoja wao, kutoka Voi. Nilikuwa nimekaa na familia ile muda wa kutosha kuongeza mkataba zaidi ya mara moja. Binti yao wa pekee nilimkuta akiwa mtoto wa kusukwa nywele kabla ya kwenda shule. Sasa alikuwa msichana wa sekondari, amenipita kimo, mkimya, na kichwani hana jingine ila chatu. Sisemi wale wa kumeza mbuzi. Alitaka wale wadogo wanaofugwa, ambao wakiogopa hujikunja wakawa mviringo kama mpira. Aliwatazama kwenye simu wakati wa kula, wakati wa kusoma, hata nikimpigia pasi sare za shule alikuja kunionyesha.

Asubuhi moja mezani akawaomba wazazi wake kwa mara nyingine. Mwenye nyumba, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita baba, alitabasamu tu. Madam akaweka kikombe chini.

"Mimi sina neno," akasema. "Lakini anayesafisha chumba chako ni yeye, na yeye hawezi kukubali. Mtazame uso."

Nilikuwa nimesimama pale na birika la chai. Uso wangu ulikuwa uso wa mtu aliyesikia neno nyoka, madam hakukosea. Ila mimi nikijibiwa na mtu mwingine damu hunipanda. Nimekuwa hivyo tangu utotoni na marehemu mama alinichapa sana kwa ajili hiyo.

"Nakubali," nikasema.

Madam akanitumbulia macho. Binti aliinuka akanikumbatia na birika langu, nusura nimmwagie chai ya moto mgongoni.

Siku ya kwenda kumnunua tulikuwa watatu garini: dereva, binti, na mimi niliyetumwa na madam kuhakikisha hanunui wawili. Duka lilikuwa Sulimaniyah, kati ya mgahawa wa kuku na fundi wa simu. Kulikuwa na kasuku, samaki wa rangi rangi, paka wenye manyoya mengi, na nyuma kabisa, chini ya taa, makasha ya kioo. Mwenye duka, Myemeni mpole, alimtoa chatu mmoja akamweka katika viganja vya binti. Kisha akanigeukia mimi kwa furaha, kana kwamba ananikutanisha na ndugu.

"Huyu anatoka kwenu! Afrika!"

"Afrika ipi?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Upande ule mwingine."

Nikamwambia kati ya kwao huyo na kwetu kuna nchi mtu akizitaja atachoka, na kwamba Voi mgeni kama yeye hupokewa kwa panga. Binti akacheka, lakini hakuondoa macho mikononi. Chatu alikuwa amejikunja fundo, kichwa kimezama katikati, haonekani pa kuanzia wala pa kuishia.

"Anaogopa," binti akasema taratibu.

Maishani mwangu nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba nyoka naye huogopa. Nilidhani hiyo kazi ni yetu peke yetu. Na binti hakumfunua, hakumgusagusa kichwa, hakumhimiza. Alisimama pale na lile fundo viganjani huku wateja wakiingia na kutoka, dereva akipiga honi nje, mimi nikisema yalla, yalla, tumechelewa. Alisimama mpaka kichwa kidogo kikachomoza, kikatoa ulimi, kikampanda kidole gumba. Ngozi yake ilikuwa ya kahawia iliyoiva, yenye mabaka ya rangi ya asali, safi kama kitu kilichopakwa mafuta asubuhi ileile. Nilijikaza nisiseme, lakini alikuwa mzuri.

Nyumbani binti aliandaa kila kitu mwenyewe, na hapo nikaanza kumheshimu. Mtoto ambaye hakuwahi kuosha kijiko alipangusa kioo, akatandika maganda ya miti, akaweka bakuli la maji, akaweka kijumba cha kujifichia, akatega mkeka wa umeme wa kutia joto upande mmoja tu ili mnyama achague mwenyewe pa kulala. Alipima joto kwa kidole na kwa kipimo. Ugomvi wetu ulikuwa mmoja: panya. Chakula cha chatu kilikuwa panya waliogandishwa, wamefungwa kwenye nailoni, naye alitaka kuwaweka kwenye friza yangu, pembeni mwa sambusa za Ramadhani.

"Mafi, hakuna," nikamwambia. "Siku panya akiingia friza hii, mimi natoka."

Akawapeleka kwenye sehemu ya barafu ya kifriji kidogo cha chumbani kwake, alimokuwa akiweka juisi na krimu zake za uso. Nilipompigia simu dada yangu kumpa habari, aliniuliza mara mbili kama nimesema nyoka.

"Nyoka kwa nyumba? Na wewe ndio unamuoshea?" akasema mwishowe. "Ai, rudi home. Hizo pesa tutakosa tu."

Basi kazi ilikuwa kulisha. Unamyeyusha panya kwa maji ya vuguvugu, unamkausha, unampasha kichwa kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa kuwa chatu huyu huona joto kabla ya kuona sura. Kisha unamshika mkia kwa koleo refu na kumsogeza polepole. Binti alifanya hivyo kama alivyojifunza. Chatu akamtazama panya, akarudi kijumbani. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Na nyingine.

Hapo ndipo nyumba nzima ilipochukua hatua, na hatua yenyewe ilikuwa ile tunayoijua sote, Waarabu na Mtaita mmoja: tulimkaribisha. Kwa watu wale mgeni asiyekula ni aibu ya mwenye nyumba. Humwekei sahani ukamwacha. Unamsihi, unaapa, unamvutia mnofu upande wake wa sinia, akisema ameshiba unamwambia hajala kitu. Kwetu nako ni hivyohivyo. Mgeni akiondoka na tumbo jepesi, mama alilia kama amefiwa. Kwa hiyo baba kila akitoka kazini alipitia chumba cha binti, anainama mbele ya kioo na kusema, "Kula, kula, bismillahi." Madam, ambaye hakumtaka, sasa alitukasirikia kwa kumkondesha. Alileta kipande cha paja la kuku kutoka kwenye kabsa, ule wali wao wa viungo, nami nikakitia ndani kwa mkono wangu, nikakiosha pilipili kwanza. Dereva alipendekeza mayai. Mimi kila nikiingia kufagia nilifunua kijumba nimwone hali yake, nikampa maneno mawili matatu ya Kitaita ya kumbembeleza. Nilikuwa bado namwogopa, lakini kuona kiumbe hali chakula nyumbani mwangu kulinizidi nguvu.

Na yeye kila tulivyomkaribisha ndivyo alivyojikunja.

Likizo ya shule ilipofika, baba akasema neno ambalo binti alikuwa akiliogopa. Alilisema bila ukali. Alikuwa mtu laini. Alisema mnyama uliyemfungia ndani akafa njaa ni dhambi shingoni mwako, na yeye hataki kusimama na dhambi hiyo. Tunakwenda Jeddah kwa mama yake. Asipokuwa amekula mpaka tukirudi, atarudishwa dukani, halas, yameisha, pengine wao wanamjua zaidi.

Binti hakubisha. Alikwenda chumbani, na nilipompelekea chakula nikamkuta amekaa sakafuni mbele ya kasha, machozi yanamtiririka, na hagusi kioo ili asimshtue. Hakuwa mtoto wa kulialia. Nilikuwa nimemwona akivunjika mkono na kuuliza tu kama atakosa mtihani.

Tulisafiri kwa gari. Chatu alilala ndani ya foronya iliyofungwa fundo, foronya ndani ya sanduku la plastiki lenye matundu, sanduku mapajani mwa binti, na njia yote ile ndefu ya jangwa hakumpa mtu mwingine alibebe. Kila tukisimama kituo cha mafuta mimi na madam tulikimbilia kivuli na maji baridi, yeye akabaki ndani na kiyoyozi.

Nyumba ya bibi, mama yake baba, ilikuwa Al-Rawdah, na wakati wa likizo ilijaa pomoni. Mashangazi, wake za ami, watoto wa kila kimo, milango haifungwi. Habari za chatu asiyekula zilikuwa zimetangulia. Bibi mwenyewe, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha na moyo wa samli, aliagiza aletwe sebuleni. Akaweka mkono kifuani.

"Wallahi," akamwambia chatu, "hutoki nyumbani kwangu bila kula."

Kuanzia hapo ikawa msafara. Kila aliyeamka alikwenda kumtazama. Wengine walimwekea vipande vya nyama, shangazi mmoja alileta jibini. Binti alizunguka zunguka akisema tafadhali, tafadhali, na hakuna aliyemsikia, kwa sababu katika macho yao walikuwa wakimsaidia.

Siku chache baadaye nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu, akaja akakaa juu ya gunia la mchele.

"Dada," akaanza. Neno hilo alilichukua kwenye simu zangu za nyumbani, akaniita nalo tangu utotoni. "Unakumbuka ulivyokuja kwetu? Ulikuwa huli."

Kisu kilisimama. Nilikumbuka vizuri sana. Nilishushwa pale Al-Malqa bado nina vumbi la uwanja wa ndege, na madam, kwa wema wake wote, aliniwekea wali na mwanakondoo akasimama. Akasimama! Mikono kiunoni, anasema kula, kula, kwa nini huli, humpendi mwanakondoo? Siku ya pili akaniletea samaki akasimama. Baba naye akaja mlangoni kuuliza kama nimekula. Walikuwa watu wema na koo langu lilikuwa limeziba kabisa. Nilifikiri nitarudishwa kwetu kwa kukosa kula.

"Nilikuwa nakuchungulia," binti akaendelea. "Siku moja wote walitoka, wakadhani na mimi nimetoka. Ukachukua mkate na chai, ukakaa sakafuni nyuma ya mlango, ukala mkate wote. Nikamwambia mama: mwacheni, anakula mkiondoka."

Nikageuka nikamtazama. Miaka yote ile nilikuwa nikiamini kwamba madam alichoka tu. Kumbe aliyenifungua koo alikuwa mtoto wa darasa la nne, amejificha sijui nyuma ya pazia gani.

Kisha nikaelewa mazungumzo yanakwenda wapi, na damu ikanipanda.

"Kwa hiyo mimi na nyoka ni kitu kimoja?"

"Hapana," akasema kwa haraka, kisha akafikiri, maana alikuwa mtoto wa kweli. "Ninyi wawili mliletwa mkiwa mnaogopa. Na sisi tukawasimamia."

Nilirudi kwenye vitunguu, na vitunguu vikanisaidia.

Ndipo akasema alilokuja kusema. Katika nyumba ile yote kulikuwa na chumba kimoja tu ambacho watu hawaingii, nacho ni changu, nilichopewa kila tukija. Kilikuwa nyuma ya jiko, hakina dirisha, kitanda na kabati basi, na joto lake la Jeddah lile lenye unyevu, ambalo lilinikera mimi na lingemfaa yeye. "Lakini ni chumba chako," akasema. "Ukikataa nitaelewa. Sitamwambia hata mama kwamba nilikuomba."

Natamani niseme nilikubali mara moja. Nililala pale usiku nikitazama ukuta. Siku zile hicho ndicho kilikuwa kipande pekee cha Saudia nzima ambacho nikifunga mlango ni mimi tu. Asubuhi nikampa masharti. Sanduku likae mbali na kitanda, lifunikwe shuka, na juu ya mfuniko uwekwe mfuko mzito wa mchele. Akakubali yote na kuongeza la kwake, gumu kuliko langu: hata yeye hataingia.

Na hakuingia. Hicho ndicho ninachomsifia mpaka leo. Mtu mzima nikimpa kitu anachokipenda kufa nikamwambia asikiguse, atatafuta kisingizio. Yeye alipita mbele ya mlango ule kwenda kunywa maji na kurudi, akaniuliza kwa macho tu, nami nikamjibu kwa mabega. Mashangazi walipotaka kuja kutazama, alisimama kwenye njia ya jikoni akawarudisha, mtoto ambaye hakuwahi kumbishia mkubwa. Bibi alipofika mwenyewe na sahani ya maini, nikadhani sasa tumekwisha. Binti alimbusu kichwani, akambusu mkono, akamwambia, "Bibi, mgeni huyu heshima yake ni kuachwa." Bibi akapumua kwa kishindo, akarudi na maini yake, na siku nzima hakumsemesha.

Mimi na chatu tukaishi pamoja. Sikuinua shuka. Nilimsikia mara nyingine akitambaa juu ya karatasi alizotandikiwa na binti, sauti nyepesi ya mtu anayekunja nguo, na mwanzo nilikaa kitandani nimekunja miguu. Baadaye nikazoea. Mwishowe nikawa nikiingia nimechoka na kazi namsalimia, kisha namwacha na yake.

Halafu alasiri moja, baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima ikiwa imelala, binti akaja jikoni na mmoja wa panya aliowaleta kwenye barafu kutoka Riyadh, ameyeyushwa, ndani ya taulo la karatasi. Alikuwa ameshamkausha. Tulimpasha kichwa kwa mashine ya nywele ya shangazi, Mungu atusamehe. Kisha akanipa koleo.

"Wewe," akasema. "Mimi nina hamu mno. Mkono wangu utamwambia."

"Mimi?"

"Amezoea harufu yako. Na wewe huna haraka naye."

Nikataka kukataa. Nilimtazama usoni nikaona anachonipa. Tangu alipomtoa dukani alikuwa anangoja kitu kimoja tu, kumwona akila, na sasa alikuwa anakikabidhi kwangu ili kitokee. Akaenda kukaa sakafuni kwenye ukumbi mwembamba wa nje, mgongo kwa mlango, magoti kifuani.

Nikaingia, nikafunga mlango nyuma yangu, nikaacha taa moja ndogo. Nikaondoa mchele. Nikafunua pembe moja ya sanduku. Alikuwa ndani ya kijumba chake kilekile tulichokuja nacho, kichwa kimetokeza mlangoni. Nikamshusha panya mbali naye, nikatulia. Sikusema bismillahi, sikusema kula, hata lile neno langu la Kitaita nililimeza. Ulimi ukatoka, ukarudi. Shingo ikajivuta nyuma taratibu, ikajikunja.

Sikuona alivyoruka. Niliona tu kwamba koleo halina kitu na panya amezungushwa mapindi mawili, amebanwa. Panya alikuwa amekufa zamani lakini chatu alifanya kazi yake yote kama inavyotakiwa, hakuruka hatua. Alikaa amembana. Kisha akalegeza, akamtafuta kichwa kwa pua yake, bila papara, akafungua mdomo ukawa mpana kuliko mdomo wowote unavyostahili kuwa, akaanza kumvaa panya kidogo kidogo kama mtu anayevaa soksi. Mimi niliyekuwa nimekimbia nyoka maisha yangu yote nilipiga magoti pale na jasho linanitoka nisitake hata kupepesa macho. Ulipobaki mkia tu, nao ukaenda. Kisha akapiga miayo mikubwa miwili, kulia na kushoto, akirudisha taya mahali pake, na kurudi kijumbani na uvimbe wake. Nilitaka kupiga vigelegele. Nikafunika shuka, nikarudisha mchele, nikatoka.

Binti hakuuliza. Alinitazama uso, akaufunika wake kwa mikono miwili, akalia kwa sauti ambayo iliamsha nyumba.

Wakaja wote. Bibi akimshukuru Mungu kabla hajaambiwa jambo, madam amefunga mtandio kombo, na baba mbele yao akiwa na kanzu ya kulalia. Alipoelewa akauliza yuko wapi, amwone. Binti akafuta pua na kusimama kati yake na mlango. Akaeleza kwamba chatu akisumbuliwa baada ya kula hutapika, na akitapika atakuwa hajala. Siku hizi za mwanzo asifunuliwe na mtu.

"Wewe umemwona?" baba akamuuliza.

"Sikumwona."

"Nani amemwona?"

"Dada."

Wote wakanigeukia, nami nina koleo mkononi. Kile kilikuwa chumba cha nyumba ya mama yake. Angeweza kunisogeza kwa mkono, akafungua mlango, akainua shuka, na mambo yakaisha; nilijua anaweza, na binti alijua. Baba akaniuliza mimi.

"Amekula?"

"Amekula, baba. Amemmaliza."

Akatikisa kichwa, ndiyo. Akamwambia binti yake basi, chatu atabaki. Kisha akawageuza mama yake na dada zake kwa mikono, yalla, yalla, mwacheni mgeni apumzike, akaondoka nao ukumbini akiwasimulia jinsi chatu alivyokula, kwa maneno mengi na ishara, yeye ambaye hakuwa ameona kitu, ila alishika neno langu.